Isale Uwani kwa Bi Nasma

Lundo la mboji la Agnesi lilikuwa halinuki, na hilo ni jambo la kujivunia Kariakoo, mahali ambapo pua huchoka kabla ya miguu. Siri yake ilikuwa ndogo tu. Kila ndoo ya maganda na makombo kutoka kwenye genge lake la chakula aliifunika kwa majani makavu ya migomba, tena bila choyo. "Kibichi peke yake huoza, kikipewa kikavu, huiva," alikuwa akimwambia Bi Nasma mwenye nyumba, aliyempa kona ya ua kwa shingo upande.

Majani hayo yalikuja na ndizi ambazo mchuuzi Hillary alimletea kutoka Moshi. Siku moja, pamoja na furushi la kawaida, Hillary alimpa jani moja bichi, refu, lisilo la mgomba, lililofungwa fundo.

"Dada Agnesi, isale hili. Kaka yako Anselmi kanikabidhi nikupe mkononi. Anaumwa, anaomba umsamehe."

Kwa Wachaga, isale ukiletewa hukatai kusamehe, hata kama aliyekukosea kakuchomea nyumba. Agnesi alilijua hilo tangu utotoni. Lakini alikumbuka pia siku aliyoshuka kwenye basi mbiombio, akakuta Anselmi ameshamzika mama yao bila kumsubiri, udongo umesawazishwa, watu wananawa mikono. Donge lile halikuwahi kumshuka kooni.

"Mwambie nimepokea," alisema. Hillary alipogeuka tu, akalichomeka isale ndani ya lundo, chini kabisa, akalifunika kwa majani makavu. Akajisikia vizuri, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Kesho yake isale lilikuwa juu. Bichi, linang'aa, fundo halijalegea. Panya hao, akajisemea. Akalizika tena, akaongeza majani. Likarudi, wiki baada ya wiki. Maganda ya parachichi yalishayeyuka, maboksi yalishageuka udongo, lakini lenyewe ungedhani limechumwa asubuhi hiyo. Hasira hasara, wahenga walishasema, ila Agnesi alikuwa mbishi kuliko wahenga. Akazidi kufunika.

Lundo likaanza kupata joto. Mboji nzuri hupata joto, hilo si ajabu. Lakini hili lilifuka mvuke mchana kweupe, na paka wa Bi Nasma aliyezoea kulala pale akahamia juu ya ukuta. Majani ya juu yalipanda na kushuka taratibu, na upepo haukuwepo.

"Agnesi, mwanangu," Bi Nasma alisema, tasbihi mkononi, "nani anakohoa uwani kwangu?"

"Hakuna mtu, bibi."

"Basi huyo 'hakuna mtu' mpe maji."

Sasa Agnesi aliogopa, aliogopa kweli. Hata hivyo akaenda kuleta furushi lingine la majani. Alikuwa bado amelikumbatia simu ilipoita. Alikuwa Vicky, mke wa Anselmi.

"Wifi, kaka yako anaungua. Homa haishuki, dawa zote tumempa. Hapa alipo hana hata shuka, lakini analia tumtolee majani. Anasema, 'Mwambieni Agnesi asinifunike tena.' Wifi, unamfunika na nini?"

Furushi likamponyoka. Agnesi akaweka simu chini, akapiga magoti, akafukua kwa mikono mitupu. Ndani mlikuwa na moto kama wa jiko. Vidole vilimbabuka, akaendelea, akilia kwa sauti ambayo hakulia hata siku ile kaburini, mpaka akalishika fundo. Lilikuwa linadunda kidogokidogo.

"Nimekusamehe, Anselmi. Mbele ya mama, nimekusamehe."

Lundo likashusha pumzi ndefu, likatulia. Kiganjani mwake isale likanyauka, likawa kavu kama yale majani mengine yote.

"Wifi!" Sauti ya Vicky ilitoka kwenye simu pale chini. "Amekohoa, ametema jani kavu la mgomba! Sasa anaomba maji. Wifi, nani kamlisha majani?"

"Nakuja, wifi," Agnesi alisema. Alilifunga isale kwenye pindo la kanga, akamwomba Bi Nasma amwangalizie genge, akatoka kwenda kutafuta basi la Moshi. Safari hii alitaka kufika mapema.