Mkono Begani mwa Anwari

Boaz, katibu wa wenye mashua, alipita katikati ya soko la Rumonge juu ya pikipiki, akapaza sauti bila kusimama: "Wameonekana! Wako Nyanza-Lac! Picha iko kwa Pontiani, nendeni muangalie!" Kisha akashika barabara ya kusini kwenda kuwachukua.

Hadjara aliacha ndoo zake za mawese wazi, akakimbia. Mdogo wake Mbaraka alikuwa fundi wa injini kwenye mashua iliyopotea ziwani ikirudi kutoka upande wa Kongo. Walikuwa watu sita. Tangu dhoruba ile, mama yao Sharifa alikuwa hali wala halali, na Hadjara alikuwa amechoka kumwambia maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyaamini.

Pontiani alikuwa na duka la kuchapa na kunakili karatasi, karibu na stendi ya mabasi. Picha ilikuwa imebandikwa mlangoni. Watu walimpisha Hadjara hadi mbele.

Wanaume watano wamekaa chini ya ukuta wamejifunika mablanketi, kila mmoja ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Anwari, nahodha, alikuwa wa mwisho upande wa kulia. Hadjara aliwatazama mmoja mmoja, akarudia tena, kana kwamba Mbaraka angeweza kujitokeza akiangaliwa vizuri. Hakuwepo.

"Pole, dada," mtu akamwambia. Mwanamke mwingine akamshika kiuno, akaanza kumvuta waende kwa Sharifa kabla habari haijamfikia kwa mdomo mbaya.

Hadjara hakwenda. Hakulia pia. Alibaki pale amekodolea macho karatasi, kwa sababu hakujua aangalie wapi kwingine. Ndipo akauona mkono. Ulikuwa begani mwa Anwari, juu ya blanketi, vidole vimetulia. Akamtafuta mwenye mkono ule. Anwari alikuwa na mikono yake miwili kwenye kikombe. Wote walikuwa na mikono yao kwenye vikombe.

"Huu mkono ni wa nani?" akauliza.

"Mkono gani?"

"Huu! Mkono hauwezi kukaa begani kwa mtu bila mwenyewe!"

Aliingia dukani kwa nguvu hadi akagonga meza. Pontiani alikuwa anapanga karatasi za mitihani za shule moja.

"Kaka Pontiani, ile picha iliyoko mlangoni iko nzima?"

"Iko nzima, Boaz alinitumia, mimi nikachapa tu."

"Nionyeshe alivyokutumia."

Pontiani alimtazama usoni, akaacha karatasi zake. Akaitafuta picha kwenye kompyuta, akaifungua, na kioo kikajaa ukuta ule ule, mablanketi yale yale. Lakini hii picha ilikuwa pana. Ukuta uliendelea. Kushoto kulikuwa na mbuzi na mlango wa bluu. Na kulia, baada ya Anwari, mkono mmoja begani mwa nahodha wake na mwingine umebeba tonge kubwa la ugali, alikuwa Mbaraka, mdomo wazi, mashavu yamejaa.

Hadjara alitoa sauti ambayo watu waliokuwa mlangoni waliidhania kilio. Wakaingia mbio, wakamkuta amekaa sakafuni anacheka, machozi yakimtiririka.

"Anakula!" akasema. "Muangalieni! Sisi tunakufa huku, yeye anakula!"

Pontiani alikuwa ameshika kichwa. "Ni kosa langu," akasema. "Tangu asubuhi nachapa mitihani, mashine niliiacha kwenye potre, karatasi imesimama. Na hii picha imelala, ni peizaji. Mashine imekata pembeni ili picha ijae karatasi. Sikuangalia. Unisamehe, dada."

"Ichape upya," Hadjara akasema. "Ilaze. Na usimkate hata mbuzi."

Aliibeba karatasi ikiwa bado na joto. Uani kwao majirani walikuwa wameshatandika mikeka, maana habari mbaya ilikuwa imemtangulia. Sharifa alikaa katikati yao, ushungi umemteremka mabegani. Hadjara alipiga magoti, akamwekea picha mapajani, akaweka kidole pale palipohusika.

Mama aliinama. Alitazama muda mrefu.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, mama. Yuko hai, Alhamdulillahi."

Sharifa alipitisha kiganja juu ya uso ule wa karatasi. "Mbona hakujifunika blanketi kama wenzake?" akasema. "Huyu mutoto atapata homa." Hapo sauti yake ikavunjika, wanawake wote wakapiga vigelegele mara moja, kuku wakatawanyika.

Basi dogo kutoka Nyanza-Lac lilifika jua likiwa bado juu. Mbaraka alishuka amevaa suruali ya kuazima iliyomfika nusu ya miguu, akashangaa kuona mtaa mzima umejaa kwao.

"Kuna msiba?" akamuuliza dada yake kwa woga. "Nani amekufa?"

Hadjara alimkumbatia. Nywele zake zilinuka mafuta ya injini na samaki. Nyuma yao mama alikuwa tayari anaita watu wasogee, wampe kijana nafasi apite, na mtu alete maji ya moto.