Faili Zima

Hakuna mashine iliyowahi kumshinda Mama Vifungo. Ndivyo alivyotangaza akiingia studio ya picha, flashi ya kompyuta ikining'inia shingoni kwa uzi wa kushonea. Kabla hajakaa akajisahihisha mwenyewe: ilimshinda pasi moja, na redio, na ile lifti ya hospitali iliyomfungia mpaka wauguzi wakabadilishana zamu. Lakini cherehani, katu.

Mpiga picha, mwanamke wa makamo aliyegundisha mguu wa miwani yake, alicheka na kumvutia kiti.

Shida yenyewe ilikuwa chumba cha uani. Mwaka jana, wiki chache kabla mama yake Mama Vifungo hajafariki, mpiga picha huyu alimrekodi bibi kizee huyo akieleza anavyotaka wanawe waishi katika nyumba yake. Video ikachukuliwa na kaka yake Mama Vifungo, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mkuu. Dada mtu akawekewa kwenye flashi yake dakika ishirini tu: mama anacheka, mama anaomba maji, basi. Sasa Mkuu anataka kukibomoa chumba cha uani apate pa kuegesha gari lake, na humo ndimo dada yake anamolala na kushona. Mafundi wanaanza Jumatatu. Alipouliza maneno mengine ya mama yako wapi, Mkuu alimjibu taratibu, kama anayefundisha darasa la kwanza, kwamba flashi ilijaa. Isitoshe, siku ile yeye alikuwa safarini, hajui mama alisema nini.

"Kaka anadhani niliishia darasa la saba na akili ikaishia hapo hapo," alisema Mama Vifungo. "Nataka faili zima, mwanangu. Hata kikohozi usikate."

"Ninalo," alisema mpiga picha. "Mkuu aliniambia nikate. Hakuniambia nifute."

Akachomeka flashi. Ilikuwa ya giga sitini na nne, na ndani hamkuwa na kitu ila zile dakika ishirini na picha za mishono. Hata hivyo, alipoipelekea video, kompyuta ikagoma: faili ni kubwa mno. Mama Vifungo akauliza kama kompyuta nayo imetumwa na kaka yake.

Mpiga picha akamweleza kwamba flashi imepangwa kwa fomati ya zamani iitwayo FAT32, nayo haipokei faili moja linalozidi giga nne, hata flashi iwe tupu kama uwanja wa shule siku ya likizo. Video ilikuwa na giga saba.

"Kumbe haijajaa, ila ina mdomo mdogo," alisema Mama Vifungo. "Kama mtungi. Boga halipiti, hata ndani kuwe na nafasi ya kucheza ngoma. Sasa kaka yangu akaona dawa ni kukata boga."

Mpiga picha alisema wangeweza kuigawa video vipande viwili, wakaiacha fomati ilivyo. Mama Vifungo akakataa katakata. Kipande cha pili kingepotelea mlangoni, alimjua kaka yake. Fomati nyingine iliitwa NTFS. Hiyo hupokea faili kubwa bila kinyongo, ila runinga nyingi haziielewi, na video ilikuwa iangaliwe kwenye runinga ya Mkuu. Ya tatu iliitwa exFAT: mdomo mpana, kompyuta zinaisoma, na runinga za siku hizi nyingi pia.

Mama Vifungo aliihoji kama anayenunua kitambaa. Inachuja rangi? Inapungua ikifuliwa? Akaambiwa ina udhaifu mmoja: ukiichomoa flashi kwa pupa kabla kompyuta haijamaliza kuandika, inaweza kuharibika.

"Pupa si yangu. Weka hiyo."

Kubadili fomati kungefuta kila kitu, kwa hiyo picha za mishono zikahamishiwa kwanza kwenye kompyuta. Kisha video ikaingia, polepole, na Mama Vifungo akaikodolea macho mpaka mwisho kama anayelinda maziwa jikoni.

Jumapili alasiri ukoo wote ulijaa sebuleni kwa Mkuu. Alipoiona flashi, Mkuu alitabasamu. Akasema runinga yake haisomi vitu vya vichochoroni.

"Mdogo wangu, mambo ya kiufundi niachie mimi."

"Nimekuachia mwaka mzima, kaka."

Akaichomeka mwenyewe. Runinga ikafikiri kidogo, kisha mama yao akatokea, kilemba upande. Akacheka. Akaomba maji. Mkuu akasimama, akawashukuru wote kwa kuja.

Lakini kwenye runinga mama alikunywa, akafuta midomo, akasema, "Chumba cha uani ni cha binti yangu mpaka achoke mwenyewe. Kisiguswe. Umenisikia?"

Mkuu akasema hilo ni geni kabisa kwake, laiti asingekuwa safarini siku ile, angewaitaje mafundi? Huku akiongea aliitafuta rimoti, chini ya mito, chini ya meza. Mama Vifungo, aliyekuwa ameikalia, akainuka kidogo, akaitoa, akaongeza sauti.

Mama yao alikuwa bado anamtazama mtu aliyesimama kando ya kamera, akingoja jibu.

"Nimekusikia, mama," sauti ya mtu huyo ikajibu, taratibu, kama anayefundisha darasa la kwanza.