Namba Tasa ya Mkuu wa Meza

Kinyaa kilimwanzia Binti kooni, kikashuka tumboni, kikajikalia humo kama mwenye nyumba. Chumba nacho kilichangia: madirisha yamefungwa ili karatasi za mtihani zisipeperuke, wasahihishaji kumi wanapumuliana, na vizibo vya soda vya wiki nzima vimezagaa sakafuni, vinanata kwenye soli. Lakini kilichomchefua hasa ni mstari mmoja katika mwongozo wa kusahihishia.

Swali la mwisho: kati ya 81, 87, 91 na 93, ipi ni namba tasa? Jibu: 91.

Ilikuwa siku yake ya kwanza. Kila msahihishaji alishughulikia maswali yake kisha akasukuma karatasi kwa jirani. Binti alikalishwa mwisho, asahihishe swali hilo na kujumlisha. Kiti hicho kilikuwa cha mama mmoja waliyemwita Shangazi, ambaye leo alikuwa amesogezwa kiti cha jirani.

Karatasi iliyomfikia ilikuwa na alama thelathini na nane. Kufaulu ni arobaini, na swali la mwisho lina alama mbili. Mtoto alikuwa amekandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka: "Hakuna. 91 ni 7 × 13."

"Mzee, mwongozo umekosea," Binti alimwambia mkuu wa meza.

Mkuu alikuwa akichokonoa meno kwa kifuniko cha kalamu. Alikitazama alichokitoa, akakipaka ukingoni mwa meza. "Mwanangu, tisini na moja haigawanyiki kwa mbili, wala tatu, wala tano. Unataka nini tena?"

"Jaribu saba."

"Saba! Nani ana muda wa kugawanya kwa saba?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Binti hakucheka. Aliinama, akaokota vizibo tisini na moja, vidole vikimnata, akavipanga mezani saba saba. Zikatimia safu kumi na tatu. Hakikubaki hata kimoja. Akavivuruga, akavipanga tena: kimoja, chini yake viwili, kisha vitatu, mpaka kumi na tatu. Ikatoka pembetatu iliyonyooka, nzuri ajabu juu ya meza chafu kama ile. Namba yenye sura zote hizo, na watu wazima wameshindwa kuiona hata moja.

Shangazi akamgusa mkono. "Usijisumbue, mwanangu. Mimi niliona tangu Jumatatu."

"Uliona, ukawapa sifuri?"

"Mwongozo ndio uliowapa. Walioandika 'hakuna' wanafika mia nne, na karatasi zao ziko kabatini. Nani atazirudia? Wewe?"

Binti alijikuta akifuta mkono wake kwenye sketi, pale pale alipoguswa. Akatazama nyuso zote tisa, hakuna iliyoshtuka. Walijua wote. Wamekula, wamekunywa soda, wamelala usingizi wao.

Akachukua kalamu nyekundu, akaweka vema, akaandika arobaini.

"Futa hiyo," mkuu akasema, amesimama sasa. "Kisha umwombe radhi Shangazi, utuombe na sisi, tuendelee na kazi. La sivyo mlango ule pale."

Binti alikwishafungua kabati, akalikumbatia bunda la kwanza.

"Nitazirudia zote, na mlango nauona. Radhi siombi."