Waya Nyuma ya Kibanda

Mimi simwamini mtu, na sioni aibu kulisema. Hata wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hana ufunguo wa kibanda changu cha bustanini. Ndani mna mashine ya kutotolea vifaranga, na ndani ya mashine mna mayai kumi na mawili. Ugonjwa ulifagia kuku wote aliowafuga marehemu kwa miaka ishirini. Mbegu yao imebaki humo tu. Yakiharibika hayo, basi tena.

Kule bustanini umeme wa nguzo haufiki. Jenereta nililikataa, kelele zake zinaita wezi. Pangaboi la kufua umeme kwa upepo nalo, wifi alisema upepo pekee wa pale ni wa midomo ya majirani. Nikafunga sola. Na ili jicho la mwizi lisiione paneli, nikapandisha mmea wa boga mpaka paani. Nilijiona mjanja kweli!

Sasa jirani yangu, fundi redio mstaafu tunayemwita Polepole. Kila nikiinama kupalilia, namwona kakodolea macho paa langu. Mtu mzima na mvi zake! Anatafuta nini paani kwa mjane? Nikamwaga majivu nyuma ya kibanda. Kesho yake nikakuta alama za viatu, cha kushoto kimeburuzwa. Na Polepole anachechemea mguu gani? Wa kushoto.

Nikafuata alama hadi ukutani. Lahaula! Chini ya ukingo wa paa kulikuwa na waya mgeni, umeungwa kwenye waya wa paneli yangu, umepita chini ya maharage hadi kibandani kwa Polepole. Damu ikanichemka. Nikachukua mkasi wa kupogolea, nikaukata, kwach! "Haya, nyonya sasa," nikasema, nikaenda zangu nyumbani.

Asubuhi ilikuwa siku ya ishirini ya mayai mashineni, bado moja yaanguliwe. Nikafungua kibanda nikakuta taa ya mashine imezima. Betri imekufa. Mayai yalikuwa vuguvugu tu. Nikayatia yote kifuani ndani ya gauni, nikatoka nje, nikafunga mlango kwa mazoea, kisha nikapiga yowe: "Polepole! Umenimaliza!"

Akaja anachechemea, betri begani.

"Umekata waya, shemeji?"

"Nimekata! Mwizi mkubwa wewe, unaninyonyea umeme!"

"Umeme upi?" Akanionyesha paani. Majani ya boga, mapana kama sinia, yalikuwa yamelala juu ya paneli nzima. "Wiki mbili hizi paneli yako haioni jua. Ule waya ulikuwa unaleta, hauchukui. Yangu ndiyo iliyokuwa inakulelea mayai."

Nilikosa pa kuficha uso.

"Mbona hukuniambia?"

"Juzi nilikusalimia tu, ukaniuliza nataka nini."

Kweli nilimuuliza hivyo, tena kwa ukali.

"Betri hii imejaa," akasema. "Nifungulie niiunge kabla hayajapoa."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imekumbatia mayai. Ufunguo ulining'inia shingoni kwa kamba, na tangu marehemu aende haukuwahi kushikwa na mtu mwingine. Nikasimama. Akasimama naye, hakuniharakisha. Mwishowe nikainamisha kichwa, akauvua taratibu, akaingia kibandani peke yake.

Nilimchungulia, nisiseme uongo. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo majembe yangu yaliyo humo ndani nilipohisi kitu kifuani. Nikaacha kuhesabu. Kikarudia, tk, tk, hapa kwenye mbavu.

"Fundi!" nikaita.

"Nini tena, shemeji? Kimepungua nini?"

"Hakijapungua kitu," nikasema, na machozi yananitoka. "Njoo usikie. Kuna mmoja anagonga."