Hakupiga Godoro

Mheshimiwa alikuwa na mapaja ya mtu ambaye hajasimama kwenye foleni tangu azaliwe: manene, laini, yananukia sabuni ya gharama. Katikati ya mapaja hayo ulikuwa mkono wa kulia wa kocha, umenyooshwa hadi mwisho wake, na kiwiko kinasukumwa kuelekea upande ambao Mungu hakukitengenezea.

Kocha akapiga godoro kwa kiganja cha kushoto. Pa, pa, pa.

Mchezo huu mpya unaochanganya ngumi, mateke na mieleka una sheria nyingi, lakini ya kwanza ni hiyo: mwenzio akipiga godoro, unamwachia papo hapo, hata kama ndiye aliyetoroka na mkeo. Kocha huwafundisha wageni sheria hiyo kabla hawajavua viatu.

Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Wanafunzi waliokuwa wakikabana wawili wawili wakaachana, wakageuka. Mheshimiwa alikuwa akiitazama simu ya mpambe wake, aliyekuwa akimpiga picha, na alikuwa anatabasamu. Kisha kiwiko kikalia. Hakikulia sana; ilikuwa kama mtu anavunja karoti chumba cha pili.

"Ala," alisema Mheshimiwa, akijizoa. "Bingwa naye siku hizi kawa mlegevu."

Enzi za ngumi, kocha huyu walimwita Mafua. Walisema konde lake likikukosa, ule upepo wake tu unakulaza kitandani na makamasi wiki nzima. Yuko refa aliyekuwa akiapa kwamba upepo huo ulimpitia sikioni, akasahau kuhesabu, na aliyelala chini akapata usingizi wa kutosha akaamka mwenyewe. Mikanda ya ubingwa ilichukuliwa na promota ili aitunze, na mpaka leo anaitunza, popote alipo. Watazamaji wa ngumi walipopungua, Mafua akahamia huku. Kukabana chini alikuwa hajui. Alijifunza kwa video za simu, akijaribia kwa mkewe kitandani.

"Ukinikunja tena mkono huo," mkewe alikuwa akimwambia, "kesho utajipikia."

Akajua. Akawa kocha wa jimu hii ya ghorofani, juu ya duka la matairi, na mwenye jimu akampa chumba nyuma ya stoo badala ya nusu ya mshahara. Kazi na nyumba vikawa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa bosi.

Jioni alirudi kutoka hospitali na plasta toka begani hadi vidoleni, mkono unaning'inia kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Bosi alimsubiri ofisini, feni imezimwa.

"Pole, Mafua."

"Nimeshapoa, bosi."

"Mheshimiwa amenipigia. Amesikitika sana."

"Mshukuru."

"Amesikitika kwamba kuna maneno. Eti ulipiga godoro, akakataa kukuachia. Yeye anasema hakusikia. Sasa mtu kama yule akisema hakusikia, maana yake nini?"

"Masikio yanataka kusafishwa."

Bosi hakucheka. "Maana yake hukupiga."

"Bosi, hata fundi matairi kule chini kasikia. Kaniuliza nani alikuwa anatwanga."

"Fundi matairi atasikia utakachomwambia." Bosi alilivuta shati lake lililomgandia kifuani. "Unajua kiwanja hiki kwenye ramani ya halmashauri ni bustani. Na kalamu ya ramani anaishika nani, unajua. Sikuombi milima. Kesho waambie wanafunzi hukupiga, ulichelewa, bahati mbaya. Basi."

"Na nikishindwa kusema?"

"Nani kakwambia utashindwa? Mimi naulizia afya ya shemeji tu. Kifua chake kinaendeleaje? Najua kile chumba kina unyevu. Lakini si chumba?"

Chumbani, mkewe alimlisha kwa kijiko, akikohoa pembeni kila baada ya matonge mawili. Alisikiliza yote bila kumkatiza.

"Sema tu, mume wangu. Neno halivunji mfupa."

"Mfupa ulishavunjika. Sasa wanataka na neno."

"Wape. Mkono mtupu haulambwi, na huo wako hata kijiko haushiki."

Kesho yake aliwaketisha wanafunzi kwenye godoro. Mbele kabisa alikaa mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa na pambano lake la kwanza la kulipwa mwisho wa mwezi. Mafua alitazama ukuta wa nyuma.

"Ya jana," alisema. "Sikupiga godoro. Nilichelewa. Kosa langu."

Feni ya juu ilizunguka. Mmoja alikuna kisigino.

"Mjomba," alisema yule binti, "nilikuwa hapa. Ulipiga."

"Ulisikia vibaya."

"Mara zote mbili?"

Kicheko kimoja kilitoka nyuma, kikajirudisha.

"Basi, mjomba, nieleze. Mimi nikikabwa, nikapiga, nani ataamua kama nimepiga?"

Mafua akakumbuka ulingo. Kwenye ngumi kulikuwa na kengele. Ilikuwa ya chuma, na haikumjua mtu.

Viatu vya ngozi viligonga ngazi. Mheshimiwa aliingia kwa saa yake ya kawaida, mpambe nyuma amebeba katoni ya juisi ya kumpa mgonjwa pole. Bosi alimfuata mbiombio.

"Bingwa," alisema Mheshimiwa, akimpapasa plasta. "Hatuna ugomvi?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Nilijua. Wewe ni mtu mzima."

Alibadili nguo, akarudi na kaptula mpya yenye mkunjo wa pasi.

"Leo Mheshimiwa atafanya na nani?" bosi aliuliza.

Wanafunzi wote wakaanza kuchunguza vidole vya miguu yao. Hata wale waliokuwa wakigombea kupigwa naye picha.

"Huyu," alisema Mheshimiwa, kidole kimemwelekea mpwa. "Naambiwa ni mwepesi. Tumwone."

"Binti, inuka," alisema bosi.

Aliinuka. Alifunga nywele zake polepole, huku anamtazama mjomba wake, akisubiri aseme yale maneno anayoyasema kila siku kabla watu hawajashikana: mwenzio akipiga godoro, mwachie. Mafua alifungua kinywa. Kuyasema leo ilikuwa kumwambia Mheshimiwa mbele ya watu kwamba jana alisikia godoro likipigwa. Bosi alikuwa ameingiza mkono mfukoni, anachezea funguo.

"Huyu ana pambano karibu," Mafua alisema. "Nitafanya mimi."

"Kwa mkono mmoja?"

"Unatosha, Mheshimiwa."

Bosi alifungua katoni ya juisi, akajishughulisha nayo.

Mafua aliinamisha kichwa, akakivuta kwa meno kile kitambaa cha shingoni. Mkewe alikuwa amekaza fundo. Alivuta, likateleza, akavuta tena, mate yakamchuruzika kidevuni. Mwishowe mpwa wake akamsogelea, akamfungulia, na kwa muda alibaki amekishika kile kitambaa, hajui akiweke wapi.

Mheshimiwa alikwisha kulala chali katikati ya godoro, viganja chini ya kisogo, anatazama dari.

"Taratibu tu," alisema. "Hatuna haraka."