Eda ya Mama yake Mwaija

Shufaa aliingia uani mbio, simu mkononi, ushungi umemwangukia mabegani.

"Bibi! Mwaija anatengenezewa filamu! Na wanakuja kuipiga hapa hapa Bagamoyo!"

Bi Somoe alikuwa anakoroga uji. Akauacha ukaungua, yeye ambaye hata vitunguu hajawahi kuunguza. Akaketi kwenye kigoda, mwiko bado mkononi.

"Nani kasema?"

"Wallahi, Bibi, mwandishi mwenyewe katangaza!"

"Usiape ovyo. Nisomee tena, polepole."

Vitabu vya Mwaija ni vitano, vimeandikiwa vijana. Ni habari za binti wa miaka kumi na mitano anayelima mwani na asiyekubali kuonewa. Bi Somoe ana miaka sitini na miwili, na shule yake iliishia darasa la saba. Lakini mumewe, mzee Yunus, alipofariki miaka mitatu iliyopita, naye akakaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hajitii manukato, huyu mjukuu ndiye aliyekuja kila baada ya Alasiri kumsomea. Walianza kwa kutaka siku zisogee tu. Walipofika kitabu cha tatu, Bi Somoe alimpokonya akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza akaanza upya.

Katika hicho cha tatu baba yake Mwaija anakufa. Mama anakaa eda, na mashemeji wanakuja mlangoni na karatasi, wanamtaka atoke aende kutia saini ili banda la mwani liwe lao. Mama hatoki. Yumo ndani na nguo zake nyeupe, na kila wakija anawajibu maneno yale yale: "Eda yangu haijesha." Mwaija ndiye anayekimbia huku na huko kutafuta haki, lakini anayewazuia ni mama, kwa kukaa kwake.

"Huyu mimi," Bi Somoe alisema siku ile, na Shufaa, wakati huo mtoto wa miaka kumi na miwili, hakucheka.

Basi watu wa filamu walipofika, nyumba ile haikulala. Shufaa alikwenda kujaribiwa, akapewa kuwa rafiki yake Mwaija, mwenye maneno mawili ya kusema. Mawili tu, lakini aliyasema akifua, akipika, mpaka majirani wakayajua. Wakatafutwa pia mama wa pwani wa kukaa jamvini kwenye msiba. Bi Somoe akajiandikisha, yeye na shoga yake Batuli na wengine watano. Shemeji yake alinuna. Mjane mzima, kwenye filamu!

"Nakwenda kukaa msibani," Bi Somoe alimjibu. "Sikuitwa kucheza ngoma."

Asubuhi ya kupiga filamu waliketi wote saba kwenye jamvi, katika nyumba ya kukodi huko Dunda, wamevaa mabuibui yao. Kamera ikasimamishwa. Kisha akaingia yule mwigizaji wa kuwa mama yake Mwaija.

Michoro ya piko nyeusi ilimpanda kutoka kucha mpaka viwiko. Bangili za dhahabu. Wanja. Kanga nyekundu mpya, na manukato yaliyotangulia kufika kabla yake.

"Salaale," Batuli akanong'ona. "Huyu kafiwa au anaolewa?"

Dairekta alikuwa dada wa Dar, jina lake Lulu, kavaa kofia ya jua. Hakuwaamkia, alikuwa na haraka. Akaeleza: mashemeji watapiga hodi, mama atainuka, atatoka mbio analia, atawapokonya karatasi aichane.

Bi Somoe akainua mkono kama mtoto wa darasani.

"Samahani, mwanangu. Huyu ndiye mama yake Mwaija?"

"Ndiye, mama."

"Na yuko kwenye eda?"

"Ndiyo."

"Basi hana piko, hana wanja, hana dhahabu. Na hatoki."

Lulu akatabasamu kwa uchovu. "Mama yangu, hii ni filamu. Tukimweka na nguo nyeupe tupu, haivutii. Watazamaji wala hawatajua."

"Mimi ni mtazamaji. Nimejua."

"Ni kitu kidogo tu, mama."

"Kidogo! Wale wanaume walitaka nini? Walitaka atoke. Akitoka wameshinda wao, hata akichana karatasi mia. Mwanangu, umekisoma hicho kitabu, au ulisimuliwa?"

Mtu mmoja nyuma ya taa akacheka, kisha akajikohoza. Uso wa Lulu ukabadilika.

"Bi mkubwa, watu arobaini wananisubiri mimi. Ukae tupige, au uondoke. Na ukiondoka, ondoka na mjukuu wako. Siwezi kufanya kazi na ukoo wa wabishi."

Bi Somoe akamtazama Shufaa, aliyesimama mlangoni na gauni la filamu, nywele zimesukwa vizuri. Moyo ukamwuma. Kilichotakiwa kilikuwa kidogo mno: kukaa, kunyamaza. Mtoto angepata maneno yake mawili. Akaona hawezi kumwamulia.

"Shufaa. Neno lako."

Binti akalitazama lile gauni. "Mimi nataka kuwemo, Bibi. Lakini kwenye ya Mwaija. Hii siijui ya nani. Inuka twende."

Bi Somoe akainuka, magoti yakilia. Batuli naye akainuka. "Mimi miguu imekufa ganzi tangu zamani," akasema kwa sauti ya kusikika. Wakafuata wale watano, mmoja mmoja, jamvi likabaki tupu.

Njia nzima mpaka nyumbani, Magomeni ya hapo hapo Bagamoyo, Shufaa alilia. Bibi yake hakumwambia yataisha, maana hakuwa na hakika. Alimshika mkono tu. Walikuwa wamekaa wote barazani, Batuli akimwigiza mwigizaji na bangili zake, Lulu alipotokea peke yake kwa miguu, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Asubuhi ilikupotea?"

Lulu akainamisha kichwa. "Nisamehe. Mama, siwezi kupiga msiba bila watu."

"Katafute wafiwa Chalinze," Batuli akadakia. "Mabasi yanawashusha kutwa."

Wakaangua kicheko. Lulu akangoja kikaisha.

"Nimesoma tena ile sura. Ni kweli, akitoka ameshindwa. Hatatoka. Dhahabu nimemvua, wanja umefutwa. Lakini piko haitoki leo wala wiki hii."

"Mfunike nguo nyeupe, mikono iwe ndani."

"Kamera itakosa mikono."

"Ikose. Sisi tulikosa jua miezi minne."

Lulu akatikisa kichwa kukubali. "Basi twendeni."

"Na Shufaa?"

Hapo dada akasita. "Nafasi yake nimeshampa binti mwingine. Ameshavaa."

"Avue."

"Mama, nitamwambiaje?"

"Ulivyomwambia huyu. Ulimfukuza kwa kosa langu, wala si lake. Mimi ukinikosa, utapata kizee kingine. Lakini hawa hawaketi jamvini kwako mpaka huyu awe pale mlangoni na maneno yake mawili."

Katika mama wale hakuna aliyeinuka.

Mwadhini akaanza kuadhini Adhuhuri. Bi Somoe akasimama, akajikung'uta buibui.

"Naingia kusali. Nikitoka nikukute na jibu. Maelezo nimeshayasikia."

Lulu alibaki amesimama juani, akamtazama Shufaa, akawatazama wale wanawake sita waliokaa kama waliopigiliwa misumari. Akatoa simu.

"Mwambieni avue," akasema. "Ndiyo. Sasa hivi. Wenyewe wanakuja."

Shufaa akapiga ukelele. Huko uani Bi Somoe aliusikia, akamhimidi Mola wake, akaendelea kutia udhu bila haraka, mkono wa kulia kwanza.