Wimbo wa Gisubizo Umefungwa Mpaka Samedi

Mercredi asubuhi nilipanda moto, pikipiki ya kubeba watu, kwenda mutaa wa Birere, na kilo mbili za muchele kwenye mapaja, na kijana mwenye kunibeba akaanza kuimba wimbo wangu.

Wangu mimi. Niliutunga jikoni kwangu, wiki tatu nzima nikichagua maharagi, kwa ajili ya kumutoa mujukuu wangu Gisubizo samedi, siku tatu baadaye, siku ya ndoa yake. Katika jamaa letu la Rutshuru, bibi ndiye anatunga wimbo wa kumutoa binti. Anataja ndani mambo yake yote, tangu jino la kwanza. Binti anausikia kwa mara ya kwanza pale mulangoni, amekwisha kuvaa, na ndipo machozi yanatoka, na machozi yale ndiyo baraka. Akiusikia mbele ya siku, imekwisha. Dada yangu Léoncie aliusikia wa kwake akijificha chini ya dirisha, akatoka kwetu macho makavu kama mawe ya volkano. Mpaka leo, hata sufuria ikiungua, anasema ni juu ya ule wimbo.

Nikamuuliza kijana, jina lake Paul, wimbo ameutoa wapi.

"Mama, weye unaishi wapi? Birere muzima iko inauimba. Zaidi pale mutoto anakula sabuni akidhani ni fromage ya maziwa ya Masisi."

Birere muzima. Na Gisubizo anashona nguo Birere, katika atelier ya mama Charline, mulango wazi kwenye barabara. Mimi, ambaye kila tukipita shimo nasali Salamu Maria, nikamwambia Paul aongeze mwendo.

Nilimukuta ameinama juu ya cherehani. Cherehani tano zilikuwa zikilia pamoja, hata mvua ya mawe hungeisikia. Nikamushukuru Mungu. Lakini muuza vocha mumoja akapita na baffle ya muziki begani, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikikaribia na ubeti wa meno ya Gisubizo. Nikaanza kukohoa. Nikakohoa mpaka akaisha kupita. Gisubizo akaniletea maji, akapita mwingine, nikakohoa tena na maji yakanitoka puani. Nikamuvuta mama Charline kando, nikamunong'oneza yote. Yule mama mwenye akili hakuuliza mara mbili. Aliwaamuru mafundi wasisimamishe cherehani hata moja mpaka nirudi, na asiye na nguo ya kushona ashone hewa.

Paul akanipeleka kwa Kambale. Kambale ni kijana wa Butembo, ana kiosque, kibanda cha kutia nyimbo katika telefone za watu. Binti yangu Mahoro ndiye alirekodi wimbo, nisisahau mustari, akamupelekea Kambale autie kwenye karte ya redio yangu, nipate kujizoeza. Na haukuwa wazi hivi hivi. Kwetu, mutu asiyetaka ng'ombe ziingie shambani mwake anafunga fundo la majani kwenye kijiti, na muchungaji akiliona anageuza ng'ombe zake bila neno. Basi tulifunga fundo uani, Mahoro akalipiga picha, akaibandika usoni pa wimbo. Nikalala usingizi muzuri.

Kambale alipolisikia hilo akashika kichwa, akaniita koko, ndiyo bibi. "Koko, nilidhani ni ya kupamba, nikaugawa. Nilisema, hawa watu wa Rutshuru wanapenda majani."

Kwake yeye, wimbo wa siri unaandikwa nyota mbele ya jina. Kwa Nabintu, ng'ambo ya barabara, unatiwa rangi nyekundu. Ézéchiel wa kule kwenye kona anaandika katika kaye, daftari yake, na kaye inabaki pale mezani wakati wimbo unakwenda zake mpaka Kibumba. Kila kiosque na sheria yake. Wimbo ukivuka barabara tu, unakuwa kama mutu aliyepoteza vitambulisho.

Sikukasirika. Nimelea watoto tisa, hasira zilikwisha kwa yule wa ine. Nilikaa juu ya kibidoni cha maji, nikamuomba aite wenzake. Wakafika watano, wakaanza kushindana alama ya nani ni nzuri. Nabintu alisema nyota ya Kambale inafanana na chawa. Niliwaacha mpaka wakachoka.

"Watoto wangu," nikasema, "wimbo una miguu. Alama itembee nao, isibaki nyumbani. Na iwe moja kwa wote, hata kama yule anayeupokea hanijui wala sijui lugha ya mama yake."

Wakaanza tena kusema wote pamoja, lakini sasa kwa furaha. Tukapatana mambo matatu yaandikwe ndani ya wimbo wenyewe, kwa maneno yale yale na mustari ule ule, mpaka ordinateur, kompyuta ya kila kiosque, iyaone na ikatae yaliyokatazwa. Kwanza, wimbo ni wa nani. Pili, mutu anaruhusiwa nini: kusikia, kugawa, kuuzisha. Tatu, mpaka siku gani. Na mimi nikaongeza kwamba mwenyewe ayaseme pia kwa kinywa, mwanzoni, kwa ajili yetu sisi tunaosoma polepole. Ézéchiel akaandika kwenye karato ya sanduku, wote wakanakili, herufi kwa herufi. Nikasemea katika telefone ya Kambale:

"Wimbo huu ni wa Gisubizo wa kwa mama Charline. Kusikia: wote, isipokuwa yeye. Kugawa: hapana. Kuuzisha: hapana. Mpaka samedi, saa ine ya asubuhi. Kisha muucheze mpaka viatu viishe."

Kila aliyekuja kutia nyimbo alibadilishiwa ule wa zamani kwa huu. Paul akaupeleka kwa wenzake wa moto, parking kwa parking.

Jeudi na vendredi, siku mbili zilizobaki, nawaambia, sijaona kitu kama kile. Gisubizo alitoka kununua viatu. Mbele yake muziki, nyuma yake muziki, na pale alipo yeye kimya, kimya kikitembea naye kama muavuli. Wauza samaki walizima. Mwenye kunyoa alizima, akabaki ameinua mashini juu ya kichwa cha mutu. Jioni alirudi akinusa makwapa yake.

"Koko, watu wananichukia. Nikifika tu wanazima redio."

Niliuma pindo la kitenge, nikamwambia ni heshima ya bibi arusi.

Samedi, saa ine kamili, akasimama mulangoni na nguo yake nyeupe, na mimi nikafungua kinywa. Dakika ile ile kufuli ya wimbo ikaisha. Wimbo ukatoka barabarani katika moto zaidi ya makumi sita, Paul akiwa mbele, na sauti yangu ikajibiwa na sauti yangu. Nilipofika kwa sabuni, avenue nzima ikaimba sabuni. Ubeti wa tatu nikausahau kabisa, wakanikumbusha wao.

Gisubizo alinitazama, akatazama barabara, kinywa wazi. "Sabuni, koko? Umewaambia wote ile ya sabuni?"

Na akacheka. Alikaa kwenye kizingiti na nguo yake yote, akacheka mpaka machozi yakateremka na poda yote ya uso. Mashangazi wakaanza kubishana, kwamba machozi ya kicheko si machozi, kwamba mimi nimeharibu. Ndipo Léoncie akavaa miwani, akainama, akachukua tone moja kwenye shavu la mutoto kwa kidole, akalionja. Wote tukangoja.

"Lina chumvi," akasema. "Linatosha. Mutoeni."